Je, Unyenyekevu Unamnyima Kijana Haki Yake?

Mada iliyo mezani ni hii: malezi yetu ya unyenyekevu yanawanyima vijana kujiamini. Wanaoiunga mkono wanasema tunalea watoto wasioweza kujieleza, kisha tunawapeleka kwenye soko la ajira linalompa kazi anayejieleza. Wanaoipinga wanasema unyenyekevu unasingiziwa, na mkosaji hasa ni woga. Hoja hii huzungumzwa majumbani, kwenye daladala na kwenye vikao vya wazazi shuleni, lakini mara nyingi hukatika kabla haijafika mwisho, kwa sababu kila upande hudhani mwenzake anatetea ubaya: huku majivuno, kule unyonge.

Hapa nimezipa nafasi sauti tatu ziseme mpaka zimalize. Binti ni mhandisi wa maji ambaye siku hizi hukaa kwenye jopo la usaili. Mwalimu ni mstaafu aliyefundisha historia sekondari na kusimamia timu ya riadha ya shule; Binti alipita mikononi mwake. Fundi ni mshonaji, na baraza wanalokalia ni lake, Ngamiani, Tanga.

Binti: Shikamoo, Mwalimu. Fundi, habari za kazi. Naomba nianze, kwa kuwa mimi ndiye ninayeunga mkono mada. Kwenye usaili swali la kwanza huwa jepesi: tueleze umefanya nini. Anaingia kijana mwenye cheti kizuri, anakaa kwenye ncha ya kiti, anaangalia meza. Barua yake inasema alishiriki kufufua kisima cha kijiji. Ulifanya nini pale? Anajibu, "Tulisaidiana tu na wenzangu." Tunauliza tena. "Kidogo kidogo tu, nilikuwa najifunza." Muda unakwisha, anatoka. Baadaye ukimuuliza aliyekuwa msimamizi wake, unaambiwa ni kijana huyo huyo aliyegundua kwamba pampu ilifungwa juu mno, kiangazi maji yakishuka inanyonya hewa, na ni yeye aliyependekeza mabomba yaongezwe ili ifike chini zaidi. Kwenye fomu ya alama hayo hayamo, kwa sababu hakuyasema. Anayeingia baada yake hana kisima wala pampu, ila ana maneno. Kazi anapata yule. Tunawaambia watoto chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwalimu, kwenye chumba kile chema hakijiuzi.

Mwalimu: Marahaba, mwanangu. Kwanza nikuulize: kijana yule alisema kweli? Aliulizwa alichofanya, akasema kidogo kidogo, na haikuwa kidogo. Aliipunja kazi yake mwenyewe na kuwapa ninyi habari isiyo sahihi. Mnyenyekevu ninayemjua mimi ni mtu anayekijua kipimo chake na kukitaja vile kilivyo. Akiongeza, amejikweza. Akipunguza, amepotosha pia, hata kama upotoshaji huo unapendeza masikioni mwa wakubwa. Kijana wako aliogopa kuonekana anajidai. Muda wote mliokuwa mnamuuliza habari za kisima, yeye alikuwa anawaza, "Wananionaje?" Mwenye majivuno naye hushinda na swali hilo hilo kutwa nzima. Wote wawili wameshughulika na nafsi zao, na kisima kimesahauliwa.

Binti: Hilo nalielewa. Lakini niambie, nani huambiwa awe mnyenyekevu? Sijasikia mkurugenzi akiambiwa. Anaambiwa mtoto wa kike. Anaambiwa dada wa kazi za nyumbani. Anaambiwa mfanyakazi mpya anayeulizia mshahara wake uliochelewa. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alipinga mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, Nairobi. Hoja zake zilikuwa za ardhi, fedha na haki ya wananchi kupumzika mahali pa wazi. Jibu alilopata kutoka kwa Rais Moi wa Kenya ni kwamba mwanamke anayefuata mila za Kiafrika huwaheshimu wanaume na kunyamaza. Huyo ni mtu aliyepata shahada ya uzamivu mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kuifikia, na anaambiwa anyamaze. Hakunyamaza. Wawekezaji wakajitoa, jengo halikujengwa. Kama angekubali kuwa mnyenyekevu kwa namna waliyoitaka, ghorofa lingesimama pale.

Mwalimu: Hapo nakukubalia bila ubishi. Wapo wanaowadai wengine unyenyekevu ili wao wasiulizwe maswali, na kwa watoto wa kike deni hilo limekuwa zito zaidi. Lakini usituoneshe nusu ya Maathai. Alipoanzisha harakati ya kupanda miti ya Green Belt Movement mwaka 1977, wapo wataalamu wa misitu walioamini kwamba kuotesha miche ni kazi ya wenye diploma. Akina mama wa vijijini wakaotesha kwa maarifa yao ya shamba, wakitumia vyombo walivyokuwa navyo, hata vyungu vilivyopasuka. Profesa hakuwadharau, alijifunza kwao na kuwaachia kazi hiyo waiendeshe. Mtu yule yule aliyemkatalia Rais alikubali kufundishwa na mama asiye na cheti. Mbele ya Rais alikuwa anakijua anachokisema, kwa hiyo hakushuka. Mbele ya wale akina mama wao ndio waliojua, kwa hiyo hakupanda. Cheo cha aliye mbele yake hakikuwa na kauli katika jambo hilo.

Fundi: Mwalimu, nami niseme ninachokiona hapa dukani. Kitambaa cha mteja kikiwa mezani na mkasi mkononi, ndipo utakapomjua anayejiamini. Mshono ukikosea unafumuliwa, lakini kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kwa hiyo wanafunzi wangu huanza na karatasi ya mfuko wa saruji. Anampima mwenzake kifua, kiuno, nyonga na urefu wa mgongo, anachora, anakata, kisha anamshikizia karatasi ile mwilini aone kwapa limekaa wapi. Akizoea namwachia shuka kuukuu. Baadaye sare za shule, maana sare hushonwa kwa nafasi mtoto akue nayo, na kosa dogo linavumilika. Gauni la harusi linakuja mwisho kabisa. Sijawahi kumwambia mwanafunzi, "Jiamini." Unafika wakati unamtazama, unaona mkono umeacha kutetemeka.

Nimeona watu wa aina mbili wanaoharibu kazi. Wa kwanza anakata harakaharaka kwa sababu jana alisifiwa mbele ya wateja. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Wa pili hakati kabisa. Anapima, anafuta chaki, anapima tena, mpaka mwenye kitambaa anafika na kukikuta kimekunjwa vilevile. Kwa wote wawili mteja anaondoka bila nguo. Anayefika mbali ni yule anayepima mara mbili, anauliza pale asipoelewa, halafu akianza kukata hasiti.

Mwalimu: Hicho alichokisema Fundi wanasaikolojia wamekiandika. Mwaka 1977 Albert Bandura, wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, alieleza vyanzo vinne vya mtu kuamini kwamba jambo fulani ataliweza. Amelifanya mwenyewe na kufanikiwa. Amemwona mtu anayefanana naye akilifanya. Ametiwa moyo kwa maneno. Na mwili wake wenyewe unampa habari, kama moyo unatulia au unakwenda mbio. Chanzo chenye nguvu kuliko vyote ni cha kwanza. Maneno ya kutia moyo yamo, lakini yakiachwa peke yake, kushindwa mara moja kunatosha kuyafuta.

Mtazame Filbert Bayi, mtoto wa Karatu. Alikwenda Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akaishia raundi za mchujo. Mwanzoni mwa 1973, kule Lagos, akamshinda Mkenya Kipchoge Keino mwenyewe mbio za mita 1,500 kwenye Michezo ya Afrika. Tarehe 2 Februari 1974 akasimama kwenye fainali ya mbio hizo katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand. Wakimbiaji wengi wa masafa hayo hupenda kujificha nyuma ya mwenzao na kungoja mzunguko wa mwisho. Bayi, akiwa na miaka 20, alitangulia tangu mwanzo na hakumpisha mtu mpaka mwisho. Dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi ya dunia. Kasi ilikuwa kali kiasi kwamba John Walker aliyeshika nafasi ya pili naye alikimbia chini ya rekodi ya zamani, iliyokuwa ya Jim Ryun tangu 1967. Sasa, kukaa mbele ya watu wote kutoka mwanzo mpaka mwisho, ni majivuno? Mimi nasema hapana. Alijua miguu yake imeshaizoea kasi ile mazoezini. Kujificha nyuma kusingemwongezea adabu yoyote.

Binti: Bayi alikuwa na saa, Mwalimu. Saa haiangalii jinsia, lafudhi wala mtoto ni wa nani. Ofisini hakuna saa, kuna watu, na watu wanapima kwa wanachokisikia. Tena angalia tunavyowaandaa wakasikike. Mtoto wa shule ya serikali anasoma msingi wote kwa Kiswahili. Ananyoosha mkono, anabishana na mwalimu juu ya sehemu na desimali. Anaingia kidato cha kwanza, masomo yanageuka Kiingereza, na muhula haujaisha yule msemaji amekuwa bubu. Jibu analo, sentensi hana. Anaponyamaza anasifiwa kwa nidhamu. Akija kufika mbele yangu kwenye usaili amezoea kunyamaza kwa miaka mingi, na kila aliyemfundisha anamwita mnyenyekevu.

Na uwanja wa mazoezi uko wapi? Bibi Titi Mohamed, kabla ya kupanda majukwaa ya chama cha TANU mwaka 1955, alikuwa mwimbaji wa kuongoza katika kikundi cha ngoma Dar es Salaam. Elimu yake ya darasani ilikuwa ndogo, lakini sauti yake ilikwishazoea umati. Siku siasa ilipomhitaji, hakuwa anasimama mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Wasichana wetu wengi siku yao ya kwanza kujieleza mbele ya watu wazima wasiowajua ni siku ya usaili. Fundi angesema tumewapa gauni la harusi wakate, na karatasi hawajawahi kuigusa.

Mwalimu: Darasa hilo nimelifundisha. Ukiuliza swali kwa Kiingereza, macho yote yanashuka kwenye madaftari. Ukiwaruhusu kwanza wajadiliane kwa Kiswahili, wawili wawili, kisha mmoja aje kuandika jibu la Kiingereza ubaoni, mikono inanyooka. Akili ilikuwepo muda wote. Kwa hiyo nakubali, mwanangu. Mara nyingi tunasema mtoto hajiamini, kumbe sisi ndio tuliomwekea kizuizi, na tukimwona amesimama mbele yake tunasema ana adabu. Nakubali pia kwamba saa ya Bayi hatuna wote. Lakini hilo linanipa hoja nyingine: pasipo na saa, mtu anahitaji ukweli zaidi kuhusu kazi yake, maana hakuna kitu kingine cha kumlinda asijidanganye. Debe tupu haliachi kuvuma, na mwenye debe huwa wa kwanza kuamini kwamba limejaa.

Binti: Basi nipeni jibu la yule kijana wa pampu. Aseme nini?

Fundi: Mteja anayejua nguo haridhiki na upande wa mbele. Anaigeuza ndani nje, anaangalia pindo, anavuta mshono wa kwapa, anaona kama kingo zimeshonewa zisifumuke. Hapo fundi hana haja ya kujisifu. Kijana naye aigeuze kazi yake hivyo.

Binti: Jopo halina pampu mezani, Fundi, itabidi aigeuze kwa maneno. Angesema hivi: "Kisima kilikuwa kinaacha kutoa maji kila kiangazi, watu wakadhani yamekwisha. Nilishusha kamba yenye uzito nikapima, nikakuta maji yapo, ila yako chini ya pampu. Nikapendekeza tuongeze mabomba. Mzee mmoja wa pale ndiye aliyekumbuka kina cha kisima kilipochimbwa, na mafundi wa kijiji ndio waliofunga. Vipimo nilivisimamia mimi. Pampu za umeme wa jua sijawahi kuzifunga, na ningependa kujifunza." Akisema hivyo nampa alama zote.

Mwalimu: Sasa sikiliza ulichokisema. Kazi yake ameitaja wazi, na neno "nilipima" hakulifuta kwa "kidogo kidogo". Mzee na mafundi amewapa haki yao. Asichokijua amekisema mbele ya watu wanaompa alama. Hiyo sehemu ya mwisho ndiyo ngumu kuliko zote. Mwenye mashaka na nafsi yake hathubutu, kwa hofu kwamba upungufu mmoja ukijulikana yote yameanguka. Katika jibu hilo hebu nioneshe kujiamini kunaishia wapi na unyenyekevu unaanzia wapi. Mimi mpaka siuoni.

Tena kujiamini kwa namna hiyo hakuvunjwi na siku moja mbaya. Eliud Kipchoge alikuwa bingwa wa dunia wa mita 5,000 mwaka 2003, akiwa na miaka 18. Mwaka 2012 akakosa nafasi kwenye timu ya Kenya ya Olimpiki ya London. Mwaka uliofuata alihamia marathoni na kuanza upya. Akachukua dhahabu Rio mwaka 2016, na nyingine kwenye Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika 2021. Tarehe 12 Oktoba 2019, mjini Vienna, katika mbio maalumu zisizohesabiwa kama rekodi rasmi, alimaliza kilomita 42.195 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Huyo huyo, akiwa kambini Kaptagat, hushika zamu ya kusafisha choo kama wenzake, huandika mazoezi yake daftarini, na amebaki mwanafunzi wa kocha yule yule wa ujanani, Patrick Sang. Paris mwaka 2024 alishindwa kumaliza mbio. Kipimo chake kilikuwa kwenye daftari lile la mazoezi, kwa hiyo siku ile haikumpokonya alichokijenga.

Binti: Mfano ni mzuri, lakini una kasoro ambayo ndiyo kiini cha hoja yangu. Choo kile kinasifiwa kwa sababu anayekisafisha ni bingwa. Mama anayesafisha vyoo kila siku kwa ujira mdogo, nani amewahi kumsifia unyenyekevu? Kwa aliye juu unyenyekevu ni pambo. Kwa aliye chini ni deni, na akichelewa kulilipa anaitwa mjeuri. Mkinijibu hilo, mada yangu naiondoa.

Mwalimu: Siwezi kukujibu kwa kukataa, kwa sababu ni kweli. Ninachoweza kusema ni kwamba tumekuwa tukiufundisha kutoka upande usio wake. Unyenyekevu uanze kwa mwenye mamlaka, kwa sababu yeye ndiye anayeweza kuumiza watu akiukosa. Mwalimu aseme "hilo sijui, tutafute pamoja" mbele ya darasa. Mwenyekiti wa kikao awaache vijana waseme kwanza, yeye aseme mwisho, maana bosi akishatoa maoni yake hakuna atakayempinga.

Fundi: Hapa dukani tuna utaratibu. Kitambaa cha gharama hakikatwi mpaka mtu mwingine ahakiki alama za chaki. Hata alama zangu. Mwanafunzi wa juzijuzi anashika futi, anapima nilichokipima, na akiona tofauti anasema, "Fundi, nyonga hapa sivyo." Mwanzoni walikuwa wanaona haya, wanapima kwa heshima tu na kusema sawa. Nikawaambia, ukisema sawa na si sawa, hasara ni ya duka zima. Sasa wanasema. Akiwa amenisahihisha mimi na nimekubali, siku ya pili anamsahihisha mteja anayeng'ang'ania saizi isiyo yake, tena kwa adabu na bila kuogopa. Nimemwona akikua kwa namna hiyo kuliko kwa sifa zote nilizowahi kumpa.

Binti: Basi mada yangu naiandika upya. Unyenyekevu haumnyimi kijana kujiamini. Anayemnyima ni mkubwa anayeudai kwake na yeye hanao.

Mimi niliyewakutanisha naungana na maneno hayo ya Binti. Mada kama ilivyoandikwa mwanzo imeanguka, lakini malalamiko yaliyoizaa yamesimama. Mjadala huu ulianza kama jambo la nafsi ya mtu mmoja: kijana ajirekebisheje, aongee vipi, akae vipi kwenye kiti. Umeishia kwenye jambo la watu wawili. Kijana anajifunza kujiamini pale anapofanya kazi halisi, kosa lake likawa na nafasi ya kurekebishwa, na neno lake likabadilisha kitu. Hayo yote yako mikononi mwa mtu aliyemtangulia: mzazi, mwalimu, bosi, fundi mkuu. Mkubwa huyo akikataa kukosolewa, hotuba zake za kumtaka kijana ajiamini hazina kazi.

Kwa hiyo kijana aliyesoma mpaka hapa ana la kufanya leo: achukue kazi moja aliyoifanya na kuieleza kwa sauti, alichofanya mwenyewe, waliomsaidia, kilichotokea na asichokijua bado, mpaka aseme bila kupunguza wala kuongeza. Jopo la usaili nalo, likisikia "tulisaidiana tu", liulize tena: wewe hasa ulishika nini? Swali hilo la pili limewahi kukosekana kwa vijana wengi wenye uwezo. Na sisi wazazi tunaosema mtoto wetu hajiamini, tumkumbuke mara ya mwisho alipotuambia tumekosea, na tulivyomjibu. Kama tulimnyamazisha, ni sisi tuliomfundisha kunyamaza mbele ya jopo. Anayetaka kulea mtu anayejiamini akubali kwanza kusahihishwa naye.